Ukoo wa Mary Queen na Karatasi za Mapadri

Wayuda waliporudi kutoka uhamishoni Babiloni walihesabiwa jamaa kwa jamaa. Kitabu cha Ezra, sura ya pili, chasema kwamba walikuwako wana wa makuhani waliotafuta andiko la ukoo wao, wasilione. Wakaondolewa katika ukuhani. Tulipokuwa seminarini tulipita sura hiyo upesi, maana ni majina matupu, na majina ya watu waliokufa hayamvuti kijana. Mwaka huu nimeirudia, sababu ya kitabu kimoja kilichotoka Marekani, nikaona kwamba haikuandikwa bure. Mtu aweza kupoteza haki yake yote, si kwa kuwa hana baba wala mama, bali kwa kuwa hana karatasi.

Kitabu hicho kinaitwa *A Question of Freedom*, ndiyo kusema, Swali la Uhuru. Mwandishi wake ni William G. Thomas III, mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha Nebraska. Kilichapwa na Yale University Press mwaka wa 2020. Chasimulia habari za jamaa za watumwa wa Maryland ambao, tangu siku za ukoloni wa Waingereza hata vita vya Wamarekani wao kwa wao, waliwashitaki mabwana zao mbele ya tribinali, wakidai kwamba bibi wa ukoo wao alikuwa mtu huru. Wengi wa mabwana hao walikuwa wakatoliki. Na mmoja aliyeshitakiwa mara nyingi alikuwa padri. Ndiyo sababu naileta habari hii katika gazeti letu, wala sioni haya kuileta, kwa maana Eklezya haiogopi kweli.

Sitasimulia kitabu chote. Nitafuata ukoo mmoja tu, ule wa Mary Queen, nipate kuuliza jambo moja: ukoo wajulikana kwa nini? Kwa karatasi, ama kwa neno la wazee?

Wosia mmoja, koo mbili

Tuanze na karatasi. Maryland ilianzishwa mwaka wa 1634 chini ya wakuu wakatoliki, jamaa ya Calvert, na Wajezuiti walifika katika safari ile ya kwanza. Lakini baadaye waprotestanti walishika utawala, na sheria ya mwaka wa 1704 ilitaka kuzuia dini yetu na kuwakataza mapadri kazi yao. Shirika halikuweza kumiliki kitu kwa jina lake. Basi kila shamba lilikuwa la padri mmoja, kwa jina lake mwenyewe. Naye, kabla hajafa, alimwandikia padri mwenzake wosia. Hivi kwa muda wa miaka mingi mashamba ya Wajezuiti yalipita mkono kwa mkono kwa njia ya wosia, namna baba anavyomwachia mwana, ingawa hao hawakuwa na wana. Ukiziweka karatasi hizo moja baada ya nyingine, wapata namna ya ukoo: ukoo wa mapadri usio na damu, ulioshikana kwa wino.

Katika mlolongo huo yumo James Carroll, mfanya biashara mkatoliki aliyetoka Irlandi. Alikufa mwaka wa 1729. Kwa wosia wake, shamba la White Marsh, katika wilaya ya Prince George's, lilimwangukia Padri George Thorold, Mjezuiti, na tangu hapo likawa mali ya mapadri. Pahali hapo ni pa sifa katika historia ya Eklezya ya Marekani: ni huko White Marsh mapadri walikusanyika mwaka wa 1789 wakamchagua John Carroll awe askofu wa kwanza wa nchi ile.

Lakini katika wosia za siku zile umo ukoo wa pili, nao haukuandikwa uonekane. Ni ule wa watu walioachwa kama urithi pamoja na ng'ombe na vitanda. Mwenye wosia huandika jina la mwanamke, jina moja tu, kisha huongeza: pamoja na uzao wake. Basi. Baba hatajwi, wala mahali mwanamke alikotoka. Akifa bwana, wanakuja wathamini na kuandika bei: mwanamume mzima bei yake, mzee bei yake, mtoto wa kunyonya bei yake. Huo si mti wa ukoo. Ni hesabu ya ghala. Hata hivyo, anayetafuta bibi yake hana mahali pengine pa kumtafuta isipokuwa katika hesabu hiyo.

Hapa yatupasa kufahamu neno moja la sheria. Kwa desturi ya Waingereza mtoto hufuata hali ya baba. Lakini kwa watumwa makoloni yaligeuza desturi hiyo: mtoto alifuata hali ya mama. Faida yake kwa mwenye shamba yaonekana wazi: kila mtoto aliyezaliwa na mtumwa wake ni mali yake, hata kama baba wa mtoto ni mtu huru, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Ila sheria hiyo iliwaachia watumwa mlango mmoja. Kama mama alikuwa huru, watoto ni huru. Kama bibi mzaa mama alikuwa huru, mama ni huru, na watoto wake wote, na wajukuu, hata wakiwa mia. Koo za mabwana zilishuka kwa wanaume, kwa jina na kwa ardhi. Koo za watumwa zilishuka kwa wanawake, na uhuru wote wa watu wengi ulisimama juu ya bibi mmoja.

Habari za bibi

Mwaka wa 1791 mtu mmoja wa White Marsh, Edward Queen, alimshitaki Padri John Ashton, mwangalizi wa mashamba ya mapadri. (Tusisahau kwamba Shirika lilikuwa limefutwa na Papa mwaka wa 1773 na halikurudishwa kwa dunia nzima mpaka 1814; kwa hiyo Ashton na wenzake walikuwa Wajezuiti wa zamani.) Edward alisema: bibi yangu Mary Queen hakuwa mtumwa, basi mama yangu hakuwa mtumwa, wala mimi.

Karatasi ya uhuru wa Mary haikuwako. Kulikuwako nini? Wazee. Watu waliokuja mbele ya waandishi wa tribinali wakasema waliyoyasikia kwa baba zao na mama zao. Walisema kwamba Mary alitoka Guayaquil, mji wa nchi za Waspanyola katika Amerika ya kusini. Kwamba nahodha Woodes Rogers alimchukua akamfikisha London. Kwamba alikaa London miaka mitatu. Kwamba kisha alikuja Maryland kwa merikebu, akiwa na nguo nzuri, na watu wa jirani walisema habari zake. Wengine walisimulia tofauti: walimwita mwanamke wa Popo, pwani ya Afrika ya magharibi. Upande wa padri ulishika masimulizi haya ya pili.

Msomaji ataniambia: hayo ni maneno ya jioni, ya watu wanaoota moto. Basi tuyapime. Woodes Rogers alikuwa nahodha Mwingereza aliyezunguka dunia akiwinda merikebu za Waspanyola. Aliuteka mji wa Guayaquil mwaka wa 1709. Alirudi London mwaka wa 1711. Mwaka wa 1712 alichapisha kitabu cha safari yake. Hesabu sasa: 1711, ongeza miaka mitatu ya London, tunafika 1714. Na Mary alionekana Maryland karibu na mwaka wa 1715. Wakulima wa Prince George's, wengine hawajui kusoma, walishika kichwani kwa miaka karibu themanini jina la nahodha, jina la mji ulio upande mwingine wa dunia, na hesabu ya miaka. Na vyote vinakubaliana na kitabu kilichochapwa Uingereza. Nauliza: ni karani gani wa mashamba aliyeandika vizuri namna hiyo juu ya mtu ye yote katika orodha zake?

Hapa ndipo kitabu cha Thomas kinapostahili sifa kubwa. Hakusoma wosia peke yake, wala hakuamini masimulizi kwa upofu. Aliweka moja kando ya lingine: neno la mzee, orodha ya shamba, buku la biashara, habari za merikebu. Pale wosia unaponyamaza, neno la mzee linasema pa kutafuta. Pale wazee wanapopingana, karatasi inaonyesha nani yuko karibu na kweli. Hiyo ndiyo kazi ya kweli ya kutafuta ukoo.

Mwezi wa tano, mwaka wa 1794, wazee wa baraza, wazungu wote, walikata kwamba Edward Queen ni mtu huru. Wengine wa ukoo huo wakapita mlango ule ule. Mwenye kupenda Eklezya afurahi au ahuzunike? Nafikiri yampasa vyote viwili. Mkristu alipata haki yake. Lakini aliipata kwa waamuzi wa serikali, akiidai kwa padri.

Tribinali Kuu na neno la kusikia

Sasa tuangalie kesi ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kitabu. Mima Queen, mwanamke wa uzao ule ule, alikuwa mtumwa wa John Hepburn katika wilaya ya Washington. Mwaka wa 1810 alidai uhuru wake na wa mtoto wake Louisa. Avoka wake alikuwa Francis Scott Key, yule aliyetunga baadaye maneno ya wimbo wa taifa la Marekani, naye mwenyewe alikuwa na watumwa. Mashahidi waliletwa kama zamani: mmoja alisema yale aliyoyasikia kwa mama yake, ambaye naye aliyasikia kwa baba yake. Waamuzi wa Washington walikataa kusikiliza sehemu kubwa ya maneno hayo. Mtu mmoja wa baraza aliyesema kwamba anauchukia utumwa aliondolewa asikae katika hukumu. Mima alishindwa, shauri likapanda hata Tribinali Kuu.

Mwaka wa 1813 mwamuzi mkuu John Marshall, ambaye naye alimiliki watumwa, alitoa jibu. Alisema kwamba habari za kusikia si ushahidi, kwa sababu aliyezisema kwanza hakula kiapo wala hakuulizwa maswali, na kwamba tukizipokea hakuna mali ya mtu itakayokaa salama. Alikubali kwamba sheria ina milango michache: kwa mfano, neno la kusikia lapokelewa kuonyesha ukoo, yaani nani alimzaa nani, na pengine kuonyesha mipaka ya mashamba. Lakini kwa uhuru wa bibi, alisema, mlango huo haufunguki.

Wasomaji wangu wapime jambo hili polepole, kwa maana ni la ajabu. Mzee akisema: nilisikia kwa baba yangu kwamba Mima ni wa uzao wa Mary, sheria yaweza kumpokea. Mzee huyo huyo, katika pumzi ile ile, akisema: nilisikia kwa baba yangu kwamba Mary alikuwa huru, sheria yaziba masikio. Mwenye shamba akigombea mti wa mpaka, kumbukumbu la wazee lina nguvu. Mwanamke akigombea mwili wake na mtoto wake, kumbukumbu lile lile ni upepo.

Mwamuzi mmoja tu alipinga: Gabriel Duvall. Huyu alikuwa zamani avoka wa ukoo wa Queen huko Maryland, na alijua mambo hayo kwa karibu. Alisema kwamba tribinali za Maryland zimepokea ushahidi huo tangu zamani, kwa sababu ya lazima: watu wote walioona kwa macho wamekwisha kufa, na haki itakufa pamoja nao. Alisema tena kwamba haki ya uhuru yapita haki ya mali. Lakini alikuwa peke yake.

Mtu atasema: Marshall hakukosa kabisa. Ni kweli kwamba uvumi ni hatari. Sisi mapadri twajua namna uvumi unavyovunja nyumba na parokia. Ni kweli vilevile kwamba wazee husimulia mambo kwa kujipendelea, na kwamba masimulizi juu ya Mary yalikuwa mawili. Najibu mambo matatu.

La kwanza: karatasi nayo ni habari za kusikia. Mthamini anayeandika kwamba mwanamke fulani ni mtumwa, amejuaje? Aliambiwa na bwana wake. Aliyeambiwa na bwana na kuandika huitwa shahidi wa kweli. Aliyeambiwa na bibi na kukumbuka huitwa mvumi. Tofauti haiko katika njia ya kujua. Iko katika nani aliyesema.

La pili: hata upande wa Padri Ashton ulitumia neno la kusikia, pale uliposimamia habari ya Popo. Huwezi kushika upanga kwa mkono wako na kumwambia mwenzako kwamba upanga ni haramu.

La tatu lahusu sisi hasa. Tunaishi kwa mapokeo. Mtakatifu Paulo awaambia Wakorinto kwamba aliwapa yale aliyoyapokea naye. Mtakatifu Luka aanza Injili yake kwa kusema kwamba anafuata mambo waliyoyatoa wale walioona tangu mwanzo, naye ameyachunguza yote kwa uangalifu. Neno la kupokelewa, na uchunguzi juu yake: ndiyo njia ya Luka, na ndiyo njia ambayo ukoo wa Queen waliomba tribinali iifuate. Padri anayehubiri mapokeo siku ya Mungu, kisha siku ya kazi anasema kwamba neno la wazee si kitu, ajiulize anaamini nini.

Pale kitabu kinapopungua

Sifa nyingi zaharibu kazi ya mchunguzi. Nitasema basi yale ambayo hayakunitosheleza.

Kwanza, koo ni nyingi: Queen, Mahoney, Butler na nyingine. Majina ya ubatizo yarudi rudi, Charles baada ya Charles, na msomaji wa kwetu atahitaji karatasi ya pembeni kuandika nani ni mtoto wa nani. Anayetaka kufuata ukoo mmoja kwa utulivu atasaidiwa na kitabu cha Rachel Swarns kiitwacho *The 272*, kilichotoka mwaka wa 2023, ambacho chashika hasa jamaa ya Mahoney. Hao nao walimshitaki Padri Ashton mwaka wa 1791, wakisema kwamba bibi yao Ann Joice alifika Maryland kama mtumishi wa mkataba, na kwamba karatasi zake zilichomwa moto na bwana. Mwaka wa 1802 walishindwa. Ukilinganisha koo hizo mbili waona kwamba kushinda na kushindwa hakukuonyesha nani alisema kweli. Kulionyesha nani alisikilizwa.

Pili, kitabu chafuata karatasi za tribinali, na tribinali huuliza mambo yake tu. Haikuuliza Mary alibatizwa wapi, wala Edward alikomunika kwa mkono wa nani Pasaka iliyotangulia mashitaka. Lakini watu hao walikuwa wakristu. Walipiga magoti mbele ya padri yule yule waliyemwita mbele ya waamuzi. Waliona nini mioyoni mwao? Mwanasheria hawezi kutujibu. Padri aweza kujaribu, kwa mabuku ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi. Kazi hiyo natamani ifanywe na mtu wa Eklezya, na ifanywe kwa machozi.

Jambo moja lakini lampa mwandishi heshima. Yeye mwenyewe ametoka katika ukoo wa Duckett, waliokuwa na watumwa katika wilaya ile ile, na katika kutafuta habari za wengine alikutana na za wazee wake. Hakuzificha. Wengi wanaotafuta ukoo wao hutafuta mkuu, askari au mtakatifu. Wakimkuta mwuza watu hufunga buku. Mtakatifu Matayo hakufanya hivyo: katika ukoo wa Bwana wetu aliwaacha Tamari, na Rahabu, na Ruti, na yule aliyekuwa mke wa Uria, na dhambi ya Daudi pamoja naye.

Majina 272

Mwisho wa habari ni mzito. Mwaka wa 1838 Padri Thomas Mulledy, mkuu wa Wajezuiti wa Maryland, aliuza watu 272 kwa matajiri wawili wa Louisiana, Henry Johnson na Jesse Batey, kwa dola 115,000. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Padri Mkuu Jan Roothaan, huko Roma, alikuwa ameweka masharti: jamaa zisitenganishwe, watu wasinyimwe dini yao. Masharti hayakushikwa. Katika orodha ya waliouzwa limo jina la Queen, na la Mahoney. Mwaka uliofuata, 1839, Papa Gregori XVI alitoa barua *In supremo apostolatus* ya kuhukumu biashara ya watu.

Orodha hiyo iko hata leo. Jina la kwanza ni Isaac Hawkins. Kwa orodha hiyo, na kwa ile ya abiria wa merikebu *Katharine Jackson*, uzao wao umeweza kutafutwa Louisiana. Tarehe 18 mwezi wa nne, mwaka wa 2017, mkuu wa umoja wa Wajezuiti wa Marekani, Padri Timothy Kesicki, aliomba msamaha mbele yao huko Georgetown, na nyumba moja ya chuo iliyokuwa na jina la Mulledy ikapewa jina la Isaac Hawkins. Karatasi iliyoandikwa ili watu wauzwe imewarudishia watoto wao mababu. Waandishi wake hawakukusudia hivyo. Mungu huandika sawa hata juu ya mistari yetu iliyopinda. Lakini tusijifiche nyuma ya neno hilo ili tuendelee kupinda mistari.

Nasi je?

Twashika kalamu, ndugu zangu. Tangu Mtaguso wa Trento mapadri wameamriwa kuandika ubatizo na ndoa, na sheria ya Eklezya ya leo, kanoni 535, yakariri amri hiyo. Kwa watu wengi wa vijiji vyetu buku la parokia ni karatasi ya kwanza, na pengine ya pekee, inayosema kwamba fulani alizaliwa na fulani. Katika parokia moja niliyotumwa baada ya upadrisho, nilikuta ukurasa wa zamani ambao mahali pa jina la baba pameandikwa *ignotus* mara tisa, mwandiko mmoja, mwezi mmoja. Nilimwita katekista mzee nikamsomea majina ya watoto. Aliwajua baba zao wote tisa, na ndoa za mila walizofunga. Wawili walikuwa wameketi nje, chini ya mwembe, wakingojea kengele ya misa. Mwandishi wa ukurasa ule hakusema uongo kwa kukusudia. Hakuuliza tu.

Kanoni 877 yaonyesha namna ya kuandika jina la baba asiye na ndoa ya Kanisa: kwa karatasi ya serikali, ama kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Sheria basi yapokea neno la mtu, mradi liulizwe na lishuhudiwe. Kuuliza huko ndiko kazi yetu. Katekista ajuaye koo za kijiji asikae mlangoni wakati padri anapoandika. Aketi kando ya meza. Naye padri asichoke kuuliza jina la bibi, hata kama mahali pake kwenye ukurasa ni padogo. Siku moja mtu atakuja kulitafuta, na hatakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Wana wale wa makuhani, katika kitabu cha Ezra, hawakukosa baba. Kuna mtu aliyekosa kuwaandikia.